Kansa ya Damu: Tuache Kuusingizia Ukoo

Wanachuo wenzangu, taja neno DNA pale kantini uone. Mazungumzo yataenda moja kwa moja kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na lile swali la mtoto ni wa nani. Watu watacheka, mmoja ataapa kwamba yeye hata apimiwe bure hataki, na mada itaishia hapo. Kwa wengi wetu DNA ni kitu cha mahakamani na cha ugomvi wa ndoa.

Ila ipo DNA nyingine tunayoizungumzia kila siku bila kuitaja kwa jina. Tunaiita "damu". Mtu akiugua kansa ya damu, yaani lukemia, hapa Arusha utasikia: "Ile familia ina damu mbaya." "Kwani shangazi yao si alikufa hivyo hivyo?" "Ukoo wao una kitu." Ukisogea juu kidogo kuelekea Meru utasikia toleo la wazee, kwamba kuna deni la ukoo halijalipwa. Ukirudi chuoni utasikia toleo la wasomi: "Ni genetiki tu, hakuna la kufanya." Mimi naona matoleo yote mawili ni baba mmoja mama mmoja. Yote yanamwambia mgonjwa kwamba ilikuwa imeandikwa, na yanatuambia sisi wengine tukae kimya.

Naandika kupinga usemi huo. Sisemi jeni hazina kazi. Zina kazi, na nitaieleza. Ila sayansi yenyewe ya jeni, ukiisoma mpaka mwisho, inasema jambo tofauti kabisa na linalosemwa mtaani. Na sisi tunaosomea ualimu ndio tutakaolipeleka jambo hilo kwa watoto wa watu, ama sahihi ama limepinda.

Mafundi wasiolala

Tuanze na uboho, ile nyama laini ndani ya mifupa. Humo mwili unatengeneza mamia ya mabilioni ya seli za damu kila siku. Kila seli inayogawanyika inabidi inakili kitabu kizima cha maelekezo, herufi kama bilioni tatu kutoka kwa baba na nyingine kama hizo kutoka kwa mama. Fikiria unavyonakili notisi za rafiki yako usiku wa kuamkia mtihani, halafu uambiwe usikosee hata nukta. Haiwezekani. Makosa yanatokea.

Na si kunakili tu. DNA inaharibika hata ikiwa imetulia. Maji yaliyomo kwenye seli, oksijeni tunayovuta, miale ya jua, moshi, kemikali, vyote vinaigonga. Wanasayansi wanakadiria kwamba seli moja inapata madhara maelfu kwa maelfu kwa siku. Kama hakungekuwa na ukarabati, tusingefika hata kuzaliwa.

Ukarabati upo. Ndani ya kila seli kuna protini ambazo kazi yake ni ufundi. Wapo wanaong'oa herufi moja iliyooza na kuweka nyingine. Wapo wanaokata kipande kizima kilichovimba, kwa mfano kilichochomwa na jua, na kukijaza upya. Wapo wanaosahihisha makosa ya kunakili. Na wapo wa kazi nzito kuliko zote, wanaounganisha DNA iliyokatika nyuzi zote mbili. Mwaka 2015 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar kwa kutuonyesha jinsi mafundi hawa wanavyofanya kazi.

Sasa, mafundi hawa nao wanatengenezwa kwa maelekezo ya jeni, na jeni hizo hazifanani kwa watu wote. Mfano unaotajwa sana ni jeni inayoitwa XRCC1. Kwenye nafasi ya 399 ya protini yake, baadhi yetu tuna amino asidi ya aginini na wengine wana glutamini. Herufi moja tu imebadilika. Zipo nyingine za namna hiyo: XPD, XRCC3, RAD51. Kwa miaka zaidi ya ishirini watafiti wamekuwa wakiuliza: je, mwenye toleo hili la fundi anapata lukemia zaidi ya mwenye toleo lile?

Jibu ndilo watu hawalisubiri. Tafiti nyingine zimeona hatari inaongezeka kidogo. Nyingine zimeona haiongezeki. Nyingine zimeona inaongezeka kwa watu wa eneo moja na si kwa wa eneo jingine. Kwa ujumla, toleo moja la herufi moja linasogeza hatari kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho huwezi kumtazama mtu mmoja na kumtabiria chochote. Hapo hakuna laana wala hukumu. Kuna fundi mmoja mwenye mkono mzito kidogo katika gereji yenye mafundi wengi.

Tuwe wakweli lakini

Msomaji makini ataniuliza: je, hakuna lukemia inayotokana na urithi? Ipo, na kuificha ni kudanganya. Kuna ugonjwa nadra unaoitwa anemia ya Fanconi, ulioelezwa mara ya kwanza na daktari wa watoto wa Uswisi, Guido Fanconi, mwaka 1927. Mtoto anayeurithi kwa kawaida amepata nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na mafundi wake wa kazi nzito wameshindwa. Hatari yake ya kupata lukemia ni kubwa kweli kweli. Wapo pia wanaorithi hitilafu kwenye jeni ya TP53, ile inayotakiwa kusimamisha seli yenye DNA mbovu isigawanyike. Na watoto wenye hali ya Down wana hatari kubwa zaidi ya lukemia kuliko watoto wengine, ingawa hilo kwa kawaida halitoki kwenye ukoo, linatokea wakati yai au mbegu inapoundwa.

Lakini hizi ni hali chache. Sehemu kubwa ya lukemia hairithiwi. Naomba tuelewane hapa, kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Kusema kansa ni ugonjwa wa jeni si sawa na kusema kansa ni ugonjwa wa kurithi. Kansa zote zinahusu DNA iliyoharibika, lakini mara nyingi uharibifu umetokea kwenye seli moja ya uboho wa mtu huyo mmoja. Haukuwemo kwenye damu ya babu yake, na hautakwenda kwa watoto wake.

Mfano wazi ni lukemia sugu ya aina ya mayeloidi, ambayo madaktari wanaiita CML. Mwaka 1960 huko Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida ndani ya seli za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kilichotokea: kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 vimebadilishana nafasi. DNA ilikatika sehemu mbili, na katika kuungwa vipande vikachanganywa, mkia wa huyu ukashonewa kwa yule. Mgonjwa hakuzaliwa na kitu hicho. Kilimtokea. Na kwa sababu kosa lenyewe lilijulikana, dawa ya kulilenga ikapatikana, imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Leo watu wenye CML wanameza kidonge na kuendelea na kazi zao miaka na miaka. Tungebaki na "ukoo wao una kitu", hiyo dawa ingetoka wapi?

Somo la jirani zetu Uganda

Afrika Mashariki tuna kisa chetu wenyewe ambacho kila mwalimu wa baiolojia angepaswa kukijua. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, mzaliwa wa Ireland aitwaye Denis Burkitt, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Ni kansa ya seli za damu zile zile za kinga, ndugu wa karibu wa lukemia. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Ilikuwa rahisi wakati ule kusema ni ugonjwa wa damu ya Waafrika na kufunga faili. Burkitt hakufanya hivyo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kusafiri zaidi ya kilomita 16,000 kutoka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika, wakapita pia nchini kwetu, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmewahi kuuona uvimbe huu? Wakachora ramani. Ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa uko maeneo ya joto na mvua, na unapotea ukipanda milimani, kwenye kama mita 1,500 na zaidi karibu na ikweta. Makabila yalichanganyika. Kilichofuata mstari kilikuwa mwinuko na hali ya hewa.

Sisi wa Arusha tunaelewa haraka. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na nyuma yetu mlima Meru unapanda kupita mita 4,500. Ukitoka hapa kupanda Meru mbu wanapungua, na malaria inapungua nao. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Baadaye ikaeleweka zaidi: kirusi hicho pamoja na malaria ya mara kwa mara vinazisukuma seli za kinga zijigawe kupita kiasi. Seli hizo kwa asili hukata DNA yao wenyewe ili kutengeneza kinga. Mkato ukiungwa vibaya, kipande cha kromosomu ya 8 kikajibandika kwa ile ya 14, kansa imeanza.

Soma tena mfululizo huo. Mwisho wake ni kosa la ukarabati wa DNA, tena kosa la kitaalamu kabisa. Lakini aliyesukuma mambo mpaka yakafika hapo ni mbu. Chandarua ni kitu cha kawaida mno, lakini hapo kinasimama upande wa mafundi wa DNA.

Petroli, gundi na fomalini

Turudi mjini kwetu. Kama jeni hatuwezi kuzibadilisha, na kama hatujui ni nani kati yetu ana fundi mwenye mkono mzito, basi kitu chenye maana ni kupunguza kazi wanayopewa mafundi. Na hapa ndipo ninapokasirika kidogo, kwa sababu tunawapa kazi nyingi bila sababu.

Pita gereji za Unga Limited saa kumi na moja jioni. Chalii amemaliza kufungua injini, mikono imejaa grisi. Ananawa na nini? Petroli. Anaimwaga kwenye kopo, anasugua mpaka viwiko. Bodaboda akiishiwa mafuta njiani, mwenzake anaingiza mpira kwenye tanki na kuvuta kwa mdomo. Tumeona, tumezoea, wengine tunaona ni ujanja.

Ndani ya petroli kuna benzini. Benzini ni kati ya kemikali chache ambazo hakuna ubishi tena: inasababisha lukemia kwa binadamu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitishwa. Mwaka 1974 daktari wa Uturuki, Muzaffer Aksoy, alichapisha habari za mafundi viatu wa Istanbul waliokuwa wakitumia gundi zenye benzini kwenye vyumba vidogo visivyo na hewa. Lukemia ilikuwa kwao zaidi ya kwa watu wengine. Walichokuwa nacho kwa pamoja kilikuwa chumba na gundi, wala hawakuwa wa ukoo mmoja.

Na jeni je? Ziko pale pale. Mwaka 1997 watafiti walichapisha matokeo ya wafanyakazi wa Shanghai, China, waliopata sumu ya benzini kwenye damu. Waliangalia jeni mbili zinazohusika na namna mwili unavyoibadilisha na kuisafisha benzini. Wenye matoleo mawili mabaya kwa pamoja walikuwa na hatari ya kupata sumu hiyo zaidi ya mara saba ya wale wasiokuwa nayo. Kwa hiyo ndiyo, watu hatufanani. Wawili wanaweza kufanya kazi gereji moja, mmoja akazeeka salama, mwingine akaugua. Lakini bila benzini, yale matoleo mabaya yangekaa kimya. Ukiwaondolea wote petroli mikononi, unamwokoa mwenye jeni dhaifu bila hata kumjua ni nani.

Sisi wa Kaskazini tayari tunao mfano wa kufikiri hivyo. Ndugu zetu wenye ualbino wamezaliwa na jeni ambayo haiwapi rangi ya kukinga ngozi. Hiyo ni ya kurithi, hakuna ubishi. Lakini kansa ya ngozi wanaletewa na jua. Ndiyo maana pale KCMC, Moshi, kuna kitengo kinachotengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta. Jeni imebaki ile ile, na mtu anaishi.

Sasa nije kwenye kitu kinachotuhusu sisi walimu wa kesho moja kwa moja. Wakati wa BTP nilipangiwa shule moja ambayo sitaitaja. Maabara ya baiolojia ilikuwa chumba chenye madirisha mawili, moja limepigiliwa misumari kwa kuogopa wezi. Vielelezo vya chura na samaki vilikuwa kwenye fomalini, na wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wakivitoa kwa mikono mitupu, macho yanawatoka machozi, wengine wakicheka. Niliomba glavu nikaambiwa fungu halijaingia. Kemikali iliyomo kwenye fomalini inaitwa fomaldehaidi, na shirika lile lile la utafiti wa saratani lilitamka mwaka 2009 kwamba ushahidi unatosha kuihusisha na lukemia. Kipindi kimoja hakimuui mtu. Lakini mwalimu hafundishi kipindi kimoja. Anafundisha miaka thelathini.

Na huku Usa River na Tengeru kuna mashamba ya maua na mboga, na vibarua wanaobeba bomba la dawa mgongoni. Ushahidi wa viuatilifu si mmoja kama ule wa benzini. Unategemea dawa yenyewe. Ila lindani, kwa mfano, ilitamkwa mwaka 2015 kuwa inasababisha limfoma kwa binadamu. Tuna bahati kwamba mamlaka inayosimamia viuatilifu nchini, TPHPA, makao yake yako hapa hapa Arusha. Lakini ofisi kuwa karibu hakumsaidii kibarua anayepulizia bila barakoa huku akila muhindi.

Posa iliyorudi na kikombe cha Loliondo

Kuna watakaosema nimekuza mambo, kwamba maneno ya "damu ya ukoo" ni soga tu. Sikubali. Maneno hayo yana gharama, na nimeziona mbili.

Ya kwanza ni ya heshima. Kwetu, kabla ya kuoa, wazee wanachunguza ukoo. Sio jambo baya lenyewe. Lakini namfahamu dada mmoja, mdogo wake wa kiume alifariki kwa lukemia akiwa darasa la sita. Miaka minne baadaye posa yake ilirudi. Hakuna aliyesema sababu mbele yake, zilisemwa jikoni. Kwa hali ya mdogo wake, hakukuwa na dalili yoyote ya ugonjwa wa kurithi. Lukemia nyingi za watoto sababu yake haijulikani kabisa. Mara nyingine kosa linaanza mtoto akiwa tumboni, na hata hapo si urithi na si kosa la mama. Hilo nalo nalisema kwa makusudi, tusije tukaacha kuulaumu ukoo tukaanza kumlaumu mzazi. Nikipewa nafasi mbele ya mshili wa Wameru au laigwanani wa Waarusha, ningewaomba jambo moja tu: tusivunje posa kwa kansa ya damu bila kumuuliza daktari.

Gharama ya pili ni ya muda, na hiyo inaua. Mwaka 2011 nilikuwa darasa la pili wakati magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Simdhihaki marehemu, na siwadhihaki waliokwenda. Majirani zetu walikwenda. Mtu aliyekwisha kuambiwa ugonjwa wake ni wa ukoo atatafuta dawa ya ukoo. Lakini lukemia ya ghafla haisubiri. Homa zisizoisha, mwili kupauka, fizi kutoka damu, alama za michubuko bila kugongwa, mifupa kuuma. Kwetu hayo yanatibiwa kama malaria, kisha taifodi, kisha UTI, kisha tunaanza kutafuta mchawi. Kipimo cha kwanza, FBP, kinafanyika hospitali nyingi za wilaya. Zaidi ya hapo KCMC iko mwendo wa saa mbili hivi kwa basi, na Muhimbili na Ocean Road ziko Dar.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye kansa wanapona, wakati katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Watoto hao hawatofautiani hivyo kwa jeni. Pengo hilo ni la kuchelewa, la nauli, la dawa, la damu ya kuongezewa, na la mtu wa kumwambia mama, "Hii si laana, panda gari leo."

Tunaposemwa bila kupimwa

Kuna jambo moja zaidi kuhusu jeni, nalo linapaswa kutuuma kama wasomi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 na Giorgio Sirugo, Scott Williams na Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba katika tafiti kubwa zinazotafuta uhusiano wa jeni na magonjwa, karibu asilimia 78 ya washiriki walikuwa na asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 2. Wakati huo huo Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani. Utafiti wa Tishkoff na wenzake wa mwaka 2009, uliohusisha jamii zaidi ya mia moja za Afrika, uliwahusisha Wahadzabe, majirani zetu wa bonde la Eyasi.

Maana yake ni nini? Mtu anayesimama kantini na kutangaza kwamba "sisi watu wa Kaskazini jeni zetu ndivyo zilivyo" anazungumzia kitabu ambacho bado hakijasomwa. Matokeo mengi kuhusu XRCC1 na wenzake yametoka China, Ulaya na Marekani. Yanaweza kutufaa, yanaweza yasitufae. Kazi ya kujua ni ya kizazi chetu. Na inawezekana: Profesa Julie Makani na wenzake Muhimbili wameonyesha kwa ugonjwa wa selimundu kwamba Mtanzania anaweza kuongoza utafiti wa jeni unaosikilizwa duniani. Tengeru pale tuna Taasisi ya Nelson Mandela. Tunachokosa ni vijana wanaoona DNA ni zaidi ya kesi ya matunzo ya mtoto.

Ninachoomba

Sipendi makala inayolia halafu inaondoka. Kwa hiyo naomba mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa serikali yetu ya wanafunzi.

Kwanza, kabla ya BTP ijayo, kila anayefundisha sayansi apewe nusu siku ya usalama wa maabara na boksi moja la glavu. Boksi hilo ni bei ya chipsi za siku chache. Vielelezo vioshwe kwa maji mengi na kuachwa dirishani kabla mwanafunzi hajavigusa, na fomalini isifunguliwe kwenye chumba kisicho na hewa. Bumu likiingia, tuchange kama idara inasuasua.

Pili, tufanye siku moja ya mafundi. Twende Unga Limited na Ngarenaro, si kuwahubiria, bali na kitu mkononi: mafuta kidogo ya kula yanayeyusha grisi, kisha sabuni ya unga, mikono inatakata bila petroli. Fundi hawezi kuacha petroli kwa kuambiwa tu ina sumu. Ataiacha akipewa njia nyingine isiyomchelewesha.

Tatu, tuchangie damu. Mgonjwa wa lukemia anayepewa dawa huishiwa damu na chembe sahani, na bila mfuko wa damu dawa yenyewe haifiki mwisho. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha Kanda ya Kaskazini pale Moshi, na wanatembelea vyuo wakialikwa. Wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, ndiyo maana likizo zikianza benki ya damu inayumba. Sisi tusio na likizo moja na wao tuzibe pengo hilo, mara moja kila muhula.

Nne, tufundishe vizuri. Ukifika mada ya jeni kidato cha nne, usiishie kwenye mbaazi za Mendel na mtoto wa nani. Waambie wanafunzi kwamba kila mmoja wao ana mafundi ndani yake, kwamba mafundi hao hawafanani, na kwamba kazi yetu sisi wengine ni kutowalemea. Mwanafunzi aliyefiwa na ndugu yuko kwenye dawati mojawapo, amenyamaza. Anasubiri kusikia kama mwalimu wake naye atasema ni damu yao.